Mtakatifu Inyasi wa Loyola: Mwanafunzi Mgeni Mjini Paris



Wapendwa wasomaji, kila mwaka tarehe 31 Julai Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Inyasi wa Loyola, Padre. Wengi wetu tunamfahamu kama askari aliyejeruhiwa vitani, akaongoka akiwa kitandani kwa kusoma maisha ya watakatifu, na baadaye akaanzisha Shirika la Yesu, yaani Wayesuiti. Mara nyingi masimulizi yetu yanatoka kitandani Loyola na kuruka moja kwa moja hadi Roma. Katikati hapo kuna miaka 11 aliyokaa darasani, kuanzia 1524 hadi 1535, na saba kati ya hiyo aliiishi kama mwanafunzi wa kigeni katika Chuo Kikuu cha Paris, nchini Ufaransa.

Tumeona vema kuitazama miaka hiyo kwa sababu inatuhusu kwa karibu. Wapo mafrateri wanaosoma mbali na nchi zao. Wapo mapadre wa majimbo yetu wanaotumwa Roma na kwingineko kwa masomo ya juu, wakaanza kwa kujifunza lugha kama watoto. Wapo wazazi maparokiani ambao watoto wao wako vyuoni ughaibuni, na kila simu ikilia usiku moyo unashtuka: kuna nini, ada imekwisha, mtoto anaumwa? Kwa hao wote, na kwetu sisi tunaohangaika na falsafa katika lugha ambazo hatukunyonya na maziwa ya mama, Mtakatifu Inyasi ana neno.

Miaka 33, darasani na watoto

Inyasi alizaliwa mwaka 1491 katika kasri la Loyola, karibu na mji wa Azpeitia, katika nchi ya Wabaski kaskazini mwa Hispania. Jina alilopewa nyumbani ni Íñigo. Alikuwa kitindamimba wa familia ya kikabaila, akalelewa kwa ajili ya mambo ya ikulu na silaha, si kwa ajili ya vitabu. Tarehe 20 Mei 1521, akiilinda ngome ya Pamplona dhidi ya jeshi la Wafaransa, alipigwa na risasi ya mzinga iliyomvunja mguu mmoja na kumjeruhi wa pili. Alipona, lakini alichechemea maisha yake yote.

Baada ya kuongoka alikaa karibu mwaka mzima mjini Manresa katika sala na toba, kisha mwaka 1523 akahiji Yerusalemu. Alitamani abaki huko hadi kufa kwake. Wafransisko waliosimamia mahali patakatifu hawakumruhusu, naye akarudi Ulaya akijiuliza afanye nini. Moto wa kuwasaidia watu kiroho alikuwa nao, lakini elimu hakuwa nayo. Hakujua Kilatini, na wakati ule bila Kilatini mtu hakuweza kusoma falsafa wala teolojia. Basi mwaka 1524, akiwa na umri wa miaka 33, alikwenda Barcelona kwa mwalimu Jerónimo Ardèvol, akaanza kujifunza sarufi ya Kilatini pamoja na wavulana wadogo.

Huko likampata jambo la ajabu. Kila alipokaa kukariri sarufi, alijiwa na mawazo mazuri ya kiroho na faraja tele, hata asiweze kushika alichokuwa anakariri. Baadaye akajichunguza na kugundua kwamba mwanga huo haukumjia kwa namna hiyo alipokuwa katika sala wala katika Misa. Ulimjia wakati wa sarufi. Akatambua kwamba ni kishawishi: adui alikuwa anatumia kitu chema kumzuia asitimize wajibu wake. Alimwomba mwalimu wake waende katika kanisa la Santa Maria del Mar, akamweleza yote yaliyokuwa yanamsumbua, akamwahidi kwamba kwa miaka miwili hatakosa kumsikiliza darasani, maadamu anapata mkate na maji vya kumweka hai. Kishawishi kikaondoka.

Wapendwa, hapa sisi waseminari inafaa tukiri. Ni mara ngapi mtihani wa mantiki unapokaribia tunajikuta tumekuwa watu wa sala kuliko siku zote? Mtu anakwenda kikanisani saa ya kujisomea, anapiga magoti, na moyoni anajiona mtakatifu, kumbe anamkimbia Aristotle. Inyasi aliyapenda maisha ya sala kuliko sisi, lakini ndiye aliyeona kwamba saa ya kusoma, kusoma ndiko kumtumikia Mungu. Alipoandika Katiba ya Shirika lake miaka mingi baadaye, alielekeza kwamba walio masomoni wasibebeshwe sala ndefu na malipizi mengi, kwa sababu masomo, yakifanywa kwa nia safi, yanamdai mtu mzima mzima, na hayo nayo yanampendeza Mungu.

Kuelekea nchi ya adui

Kutoka Barcelona alikwenda Chuo Kikuu cha Alcalá mwaka 1526. Huko aliponzwa na haraka. Alisoma mantiki, fizikia na teolojia kwa wakati mmoja, na asishike vizuri hata mojawapo. Papo hapo alikuwa anawafundisha watu sala na kuwaongoza kiroho, jambo lililowatia shaka wakuu wa Kanisa, kwa maana hakuwa padre wala msomi. Alifungwa gerezani siku 42. Alipohamia Salamanca mwaka uliofuata alifungwa tena, safari hii siku 22, amefungwa mnyororo mguuni. Kote kuwili hawakuona kosa katika mafundisho yake, lakini walimzuia kufundisha mambo fulani kabla hajasoma zaidi.

Inyasi hakugombana nao. Aliamua kwenda Paris, mahali palipokuwa na chuo kikuu chenye sifa kuliko vyote kwa falsafa na teolojia. Alimpakia punda vitabu vyake, akamtanguliza barabarani, akarudi Barcelona kujiandaa.

Huko marafiki walijaribu kumzuia. Hispania na Ufaransa zilikuwa vitani tena, na habari zilizovuma zilitisha: ilisemwa kwamba Wafaransa wakimkamata Mhispania wanamchoma kwenye mshikaki kama nyama. Inyasi alikuwa na sababu zaidi ya wengine ya kuiogopa nchi hiyo, kwa maana mguu wake ulivunjwa na mzinga wa Wafaransa. Hata hivyo hakuona hofu. Aliondoka peke yake, kwa miguu, katikati ya majira ya baridi, akaingia Paris tarehe 2 Februari 1528, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni. Alikuwa na umri wa miaka 36 au 37.

Chuo Kikuu cha Paris kilikuwa mkusanyiko wa vyuo vingi vidogo katika mtaa uliojaa wanafunzi kutoka pande zote za Ulaya. Wanafunzi na walimu wa falsafa waligawanywa katika makundi manne yaliyoitwa mataifa: Ufaransa, Picardie, Normandie na Ujerumani. Wahispania walihesabiwa katika taifa la Ufaransa. Darasani lugha ilikuwa Kilatini, kwa hiyo Mreno, Mbaski na Mjerumani wote walikuwa ugenini kwa kiasi fulani. Mitaani watu walisema Kifaransa.

Inyasi angeweza kujiandikisha moja kwa moja katika falsafa. Alikwisha kuisoma Alcalá, na umri ulikuwa unakwenda. Lakini alijua msingi wake ni mbovu. Akaingia chuo cha Montaigu, akaanza tena Kilatini tangu mwanzo, tena pamoja na watoto. Tukitafuta tendo la unyenyekevu katika maisha ya mtakatifu huyu, sisi tunaona ni hili kuliko hata kulala chini na kuvaa nguo ya gunia. Mtu mzima aliyefika Yerusalemu, aliyewaongoza wengine katika sala, anakubali kwamba hajui na anarudi darasa la chini.

Fedha zilizoliwa

Wafadhili wake wa Barcelona walimpa hati ya fedha, na mfanyabiashara mmoja wa Paris akamlipa sarafu 25 za dhahabu. Zingetosha kwa muda mrefu. Inyasi hakupenda kukaa na fedha, akampa Mhispania mwenzake waliyepanga nyumba moja amtunzie. Yule mwenzake akazitumia zote kwa muda mfupi, na hakuwa na cha kurudisha. Kufikia Pasaka Inyasi hakuwa na hata senti.

Msomaji aliyewahi kuishi ugenini analijua jambo hili. Mtu unayemwamini zaidi ni yule wa kwenu, kwa sababu mnasema lugha moja. Na akikuangusha yeye, maumivu yanakuwa mara mbili.

Inyasi alilazimika kuhama, akaanza kuomba omba mitaani. Alipata mahali pa kulala katika nyumba ya Mtakatifu Yakobo iliyopokea maskini na mahujaji, ng'ambo ya mto Seine. Ilikuwa mbali na Montaigu. Masomo chuoni yalianza kabla ya mapambazuko, lakini mlango wa nyumba ile ulifunguliwa kukishapambazuka. Na jioni alipaswa awe amerudi ifikapo saa ya Malaika wa Bwana, wakati masomo bado yanaendelea. Kwa hiyo kila siku alikosa kipindi cha asubuhi na cha jioni, na muda uliobaki aliutumia kutafuta chakula. Miezi ilipita naye hasongi mbele.

Alitafuta kazi ya utumishi kwa mwalimu yeyote chuoni, kama walivyofanya wanafunzi maskini, apate chakula na nafasi ya kusoma. Alikwisha jipangia moyoni namna atakavyofanya: mwalimu atamwona kama Kristo, mwanafunzi mmoja atamwita Petro, mwingine Yohane, ili akitumwa na yeyote aone ametumwa na mtume. Watu kadhaa walimsaidia kutafuta, lakini hakuna aliyemchukua.

Hatimaye mtawa mmoja Mhispania alimshauri aende Flandria, nchi ya Ubelgiji ya leo, ambako walikuwepo wafanyabiashara matajiri wa Hispania, akaombe kwa muda usiozidi miezi miwili kila mwaka, kisha arudi asome kwa utulivu mwaka mzima. Inyasi aliuombea ushauri huo, akaona unafaa. Alikwenda Bruges na Antwerpen mwaka 1529, akaenda tena 1530, na mwaka 1531 akavuka hadi London, ambako alipata msaada mwingi kuliko miaka mingine. Hivyo ndivyo alivyolipa ada na chakula. Baadaye wafadhili walianza kumtumia fedha bila yeye kwenda, na kilichozidi aliwapa wanafunzi maskini wenzake.

Safari ya Rouen

Turudi kwa yule aliyekula fedha. Aliondoka Paris akiwa anarudi Hispania, akafika bandari ya Rouen kungoja meli, akaugua. Alikuwa peke yake, ugenini, hana kitu. Akamwandikia barua mtu yule yule aliyemdhulumu.

Inyasi aliamua kumfuata. Aliwaza kwamba huenda kwa njia hiyo mwenzake ataacha mambo ya dunia na kumrudia Mungu. Akakusudia kwenda kwa miguu bila viatu, bila kula wala kunywa, umbali wa zaidi ya kilomita 100. Lakini tusidhani alikwenda kwa furaha tangu mwanzo. Alipoomba juu ya safari hiyo aliingiwa na woga mkubwa. Asubuhi alipoamka kuvaa, woga ulikuwa mwingi hata ikawa shida kuvaa nguo. Alitoka mjini kabla ya mapambazuko akiwa bado na uzito huo, hadi alipokuwa anapanda kilima karibu na Argenteuil. Hapo uzito ukamtoka, akajazwa faraja kubwa hata akawa anapaza sauti akizungumza na Mungu mashambani.

Usiku wa kwanza alilala katika nyumba ya maskini, kitanda kimoja na ombaomba. Usiku wa pili alilala kwenye nyasi kavu. Siku ya tatu aliingia Rouen. Alimfariji mgonjwa, akamsaidia kupata meli ya kwenda kwao, akampa na barua za kuwapelekea marafiki zake wa Salamanca. Masimulizi hayasemi kama alimdai zile fedha.

Chumba cha Sainte-Barbe

Mwaka 1529 Inyasi alihamia chuo cha Sainte-Barbe kuanza falsafa, akapangiwa chumba na vijana wawili waliokuwa wamekwisha kukaa huko miaka minne. Wote wawili walizaliwa mwaka 1506, maana yake walikuwa wadogo kwake kwa miaka 15.

Wa kwanza, Petro Favre, alitoka milima ya Savoie. Utotoni alichunga kondoo wa baba yake. Alikuwa mpole, hodari sana katika masomo, lakini alisumbuliwa na wasiwasi wa dhamiri. Wa pili, Fransisko Ksaveri, alitoka Navarra, mtoto wa kasri kama Inyasi. Alipenda michezo na alikuwa na matumaini ya cheo. Kulikuwa pia na doa la zamani kati yao. Mwaka 1521 ndugu wawili wa Ksaveri walipigana upande wa wale walioishambulia Pamplona, vita ile ile iliyomvunja Inyasi mguu. Tukisema kwa lugha ya siku hizi, uongozi wa chuo uliwaweka chumba kimoja watu ambao koo zao zilikuwa zimepigana.

Inyasi hakuja pale kama mwalimu wa kiroho. Alikuja kama mwanafunzi dhaifu. Mwalimu wao, Juan de la Peña, alimwomba Favre amrudilie Inyasi masomo. Mzee yule akaketi kila jioni na mtoto wa mchungaji, akafundishwa Aristotle. Polepole mazungumzo yalipanuka. Favre alimfungulia moyo wake, na Inyasi, aliyewahi kuteswa na wasiwasi huo huo kule Manresa, akamsaidia kupata amani. Mmoja alitoa falsafa, mwingine alitoa hekima ya roho. Favre mwenyewe aliandika baadaye kwamba walifikia kuwa na chumba kimoja, meza moja na mfuko mmoja wa fedha.

Ksaveri alikuwa mgumu. Alimwona Inyasi kama mzee wa ajabu mwenye nguo mbovu. Inyasi hakumlazimisha. Ksaveri alipoanza kufundisha falsafa na kupungukiwa fedha, Inyasi alimtafutia wanafunzi na kumsaidia mahitaji. Ilichukua miaka kadhaa hadi Ksaveri alipokubali kumfuata Kristo bila kubakiza kitu.

Hapo Paris kile kishawishi cha Barcelona kilirudi: faraja za kiroho katikati ya kipindi cha falsafa. Inyasi akafanya kama mwanzo, akamwendea mwalimu wake na kumwahidi kuhudhuria vipindi vyake vyote. Katika muda huo alipunguza mazungumzo yake ya kiroho na wanafunzi wenzake, ili asome.

Lakini shida hazikuisha. Waandishi wa kwanza wa maisha yake wanasimulia kwamba mwalimu Peña alilalamika kuwa Inyasi anawavuta wanafunzi kwenye maungamo na Komunyo siku za Jumapili, wakakosa midahalo ya chuo. Mkuu wa chuo, Diogo de Gouveia, ambaye sisi tungemwita gombera, aliamuru Inyasi achapwe fimbo ukumbini mbele ya wote. Adhabu hiyo ilimwondolea mwanafunzi heshima yote. Inyasi hakuogopa fimbo, ila aliona vijana wale wataaibika na kurudi nyuma. Akamwendea mkuu chumbani kwake, akazungumza naye kwa utulivu. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kukusanyika wakingoja. Mkuu akatoka amemshika Inyasi mkono, na mbele ya wote akamwomba msamaha.

Mwaka 1532 Inyasi alipata shahada ya kwanza ya falsafa, mwaka 1533 akapata leseni ya kufundisha, na mwaka 1535 akatunukiwa shahada ya uzamili. Katika orodha ya leseni alishika nafasi ya 30. Hakuwa wa kwanza, wala hakuwa wa mwisho. Katika vitabu vya chuo jina lake liliandikwa kwa Kilatini, Ignatius, na kuanzia hapo jina la Íñigo likaanza kufifia.

Wageni saba juu ya kilima

Tarehe 15 Agosti 1534, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, wanafunzi saba walipanda kilima cha Montmartre nje ya Paris, wakaingia katika kikanisa cha wafiadini. Favre, aliyekuwa amepewa daraja ya Upadre miezi michache kabla, ndiye padre pekee kati yao. Aliadhimisha Misa Takatifu, na kabla ya Komunyo kila mmoja aliweka nadhiri ya kuishi katika ufukara, kwenda Yerusalemu, na safari hiyo ikishindikana, kujitoa kwa Baba Mtakatifu awatume anakotaka.

Tuwahesabu. Inyasi Mbaski, Ksaveri wa Navarra, Favre wa Savoie, Diego Laínez, Alfonso Salmerón na Nicolás Bobadilla wa Castilla, na Simão Rodrigues Mreno aliyekuwa anasomeshwa na mfalme wake. Wote saba walikuwa wageni. Shirika la Yesu, lililothibitishwa na Papa Paulo III tarehe 27 Septemba 1540, lilichipuka katika chumba cha wanafunzi waliokuwa mbali na kwao.

Inyasi hakumaliza teolojia Paris. Maumivu makali ya tumbo yalimlazimu kuondoka mwaka 1535, akiwa amepanda farasi mdogo aliyenunuliwa na wenzake. Alipewa Upadre mjini Venezia tarehe 24 Juni 1537. Alipokuwa Mkuu wa Shirika huko Roma hakusahau shida za mwanafunzi maskini. Mwaka 1551 alifungua Chuo cha Roma ambacho wanafunzi walisoma bila ada, na mwaka 1552 akaanzisha Chuo cha Kijerumani kwa ajili ya vijana waliotoka mbali kuja kusomea upadre. Chuo cha Roma ndicho leo Chuo Kikuu cha Kipapa cha Gregoriana, ambako wamesoma mapadre na maaskofu wengi wa Afrika.

Chumba kile kiligusa hata pwani yetu. Ksaveri aliondoka Lisbon mwaka 1541 kwenda India. Alikaa miezi kadhaa katika kisiwa cha Msumbiji akihudumia wagonjwa, na mwaka 1542 akapita Malindi, katika Kenya ya leo, ambako alizungumza na Waislamu wa mji huo juu ya sala na ibada. Huko Asia alikata sahihi za wenzake kutoka katika barua walizomwandikia, akazivaa shingoni. Hawakuonana tena. Tarehe 28 Juni 1553 Inyasi alimwandikia barua ya kumwita arudi Ulaya, bila kujua kwamba rafiki yake alikufa tangu tarehe 3 Desemba 1552 katika kisiwa kilicho karibu na China. Inyasi mwenyewe alifariki Roma tarehe 31 Julai 1556. Wote wawili walitangazwa watakatifu siku moja, tarehe 12 Machi 1622. Favre aliwafuata mwaka 2013, alipotangazwa na Papa Fransisko.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tusione haya kuanza upya. Inyasi aliacha darasa la juu akarudi la chini kwa sababu alitafuta elimu ya kweli, si cheti. Kwetu sisi tuliofika falsafa na Kiingereza cha kuunga unga, huo ni ukombozi. Kuuliza swali ambalo wengine wanalijua si aibu.

Pili, tukubali kusaidiwa. Tunapenda kumkumbuka Inyasi aliyewaongoza Favre na Ksaveri, lakini tusisahau kwamba kwanza alikuwa mzigo kwa Favre. Pengine asingehitaji msaada wa masomo, mioyo yao isingefunguka. Mgeni anayejifanya hahitaji mtu hukaa peke yake hadi siku ya kuondoka.

Tatu, maparokia yetu yana wageni. Kuna wanafunzi wa vyuo wanaokuja Misa ya Jumapili, wanakaa benchi la nyuma, wanaondoka bila kusalimiwa. Kuna mtoto wa mtu ambaye fedha zake zimeliwa na anaona haya kusema. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaweza kuwaalika kwenye sala na kwenye chakula. Tukiwaombea watoto wetu walioko mbali wapate mtu wa kuwapokea, basi na sisi tuwe mtu huyo kwa watoto wa wengine.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, uliyekuwa mwanafunzi na mgeni, utuombee.